Kumi na Tano Isiyokuwapo: Mfupa wa Ishango na Mafungu ya Magara



Namba tasa ni ipi, wanafunzi walioko hapa wanajua: ile yenye vigawo viwili tu, moja na yenyewe. Kwamba hazina mwisho, Euclid alikwisha kuthibitisha. Jinsi ya kuzichekecha, Eratosthenes alitufundisha. Hayo nayapita. Kilichonisimamisha hapa ni dai ninalolisikia kila mwaka, tena kwa watu wanaoipenda Afrika kweli: kwamba mfupa wa Ishango ni jedwali la kwanza la namba tasa duniani.

Mfupa huo naupenda kuliko kitabu chochote nilichosoma. Mbelgiji Jean de Heinzelin aliufukua mwaka 1950 huko Ishango, mahali Mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, mashariki ya Kongo. Una urefu wa kama sentimita 10, na nchani umechomekwa kijiwe kikali. Umri wake ni takriban miaka 20,000. Watu wa Ishango walikuwa wavuvi kama sisi wa Magara. Vyusa vyao vya mfupa, vyenye meno, vilitoka katika ardhi hiyo hiyo. Chale zimepangwa safu tatu. Ya kwanza: 11, 13, 17, 19. Ya pili: 11, 21, 19, 9. Ya tatu: 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5, 7. Jumlisheni, mtapata 60, 60 na 48.

Sasa, jedwali la namba tasa lisilo na 2 ni jedwali gani? 3, 5 na 7 zimo, ila zimechanganyika na 4, 6, 8 na 10. Safu ya pili ina 9 na 21, zote vigawe vya tatu, nayo inaelezeka kwa wepesi: kumi na ishirini, kila moja ukiongeza moja, kisha ukipunguza moja. Na ile safu ya kwanza inayosifiwa? Kati ya 10 na 20 namba witiri ni tano tu, na nne kati yake ni tasa. Asiyejua lolote kuhusu vigawo, akichagua witiri nne hapo, ana nafasi moja katika tano ya kuangukia tasa tupu. Isitoshe, 11 na 19 ni 30. 13 na 17 ni 30. Huenda mchanjaji alikuwa akipanga jozi.

Alexander Marshack aliona kalenda ya mwezi katika chale hizo. Magara hatuwezi kumpuuza: mbalamwezi ikijaa, karabai haivuti ndagala. Lakini miandamo miwili ni siku 59, na ile 48 haipati pa kukaa.

Wapo pia wanaosema kugawanya ni elimu ya baadaye sana, kwa hiyo utasa wa namba usingeweza kujulikana Ishango. Hao hawajawahi kurudi kutoka ziwani na kukuta watu sita wanangoja. Nilipokuwa na miaka tisa, baba mdogo alinimwagia samaki 15, mikeke, mchangani: “Tia mafungu sawa, asibaki hata mmoja.” Watatu watatu, yakatoka mafungu matano. Kesho yake walikuwa 17. Nikajaribu wawili wawili, akabaki mmoja. Watatu watatu, wakabaki wawili. Wanne wanne, akabaki mmoja. Nilipotaka kuanza watano watano akanishika mkono: “Acha. Hiyo haigawiki.” Alikuwa na haki ya kunizuia. Tano mara tano inapita 17, kwa hiyo kigawo kikubwa, kama kingekuwapo, kingekuwa na mwenzake mdogo, na wadogo nilikuwa nimewamaliza wote. Baba mdogo hakufika darasa la kufundishwa kipeo cha pili.

Jedwali, basi, nimelivunja, na silirudishi. Ila 15 hainitoki. Witiri tano zilikuwapo, zikachanjwa nne, na iliyoachwa ni ile moja inayokubali kuwekwa mafungu. Hesabu ya nafasi nimewapa mwenyewe, moja katika tano, na najua haithibitishi kitu. Bado naamini kwamba mvuvi yule alikuwa amepanga samaki mchangani kabla ya kushika kijiwe.

Mfupa uko Brussels, kwenye makumbusho ya sayansi asilia. Nilipofika mbele ya kioo sikuzihesabu chale zote. Niliweka kidole pale 13 inapoishia na 17 inapoanzia, nikakiacha hapo mpaka mlinzi aliponiomba nisogee.