Ukuta Unaotazamana na Plazima



Katika Kiswahili, ukuta ni kitu kinachotenga: mwenye nyumba yu ndani, mvua na mwizi wako nje. Dhana hiyo haitoshi inapohamishiwa kwenye kinu cha muungano wa nyuklia, ambamo atomi za hidrojeni huunganishwa kuwa heli. Ukuta wa kinu hiki humeza chembe za moto unaouzunguka, nao huutupia moto huo chembe zake.

Moto wenyewe ni plazima, yaani gesi ambayo atomi zake zimepokonywa elektroni. Katika kinu cha ITER kinachojengwa Cadarache, Ufaransa, yatarajiwa kufikia sentigredi milioni 150. Sumaku huizuia, lakini si yote. Sehemu ya chini, inayochepusha heli na joto, na ambayo yaweza kuitwa kichepushi, hupokea takriban megawati 10 kwa kila mita ya mraba.

Hapo awali kaboni ilipendwa, kwani haiyeyuki. Hata hivyo, katika kinu cha JET, Uingereza, kaboni iliyomomonyoka ilijiunga na tritiamu, hidrojeni adimu yenye mionzi, ikaificha katika tabaka ukutani. Fueli ya thamani ikawa taka. Mwaka 2011 JET ilianza kazi upya kwa ukuta wa berili na kichepushi cha wolframi.

Berili ina elektroni 4 tu, hivyo haiichafui sana plazima; ila huyeyuka kwenye sentigredi 1,287, na vumbi lake huharibu mapafu. Wolframi (wengine huiita tungsteni, neno la Kiswidi lenye maana ya jiwe zito) hustahimili hadi sentigredi 3,400 na ushei. Balaa lake ni elektroni 74: hazitoki zote hata ndani ya plazima, na zile zinazobaki humwaga nishati kwa mng'ao hadi moto ukafifia. Pamoja na hayo, mwaka 2023 ITER ilipendekeza wolframi ichukue nafasi ya berili.

Kustahimili pekee hakutoshi; sharti joto liondolewe. Vitofali vya wolframi huvishwa kwenye bomba la aloi ya shaba lipitishalo maji yenye kani kubwa. Tatizo ni kwamba shaba hutanuka zaidi ya wolframi, na kiungo chaweza kupasuka. Ndiyo maana tabaka la shaba tupu, iliyo laini, huwekwa katikati kama msuluhishi. Kichepushi kikichakaa, hubadilishwa kwa mitambo inayoongozwa kutoka mbali, kwa sababu mionzi hairuhusu fundi kuingia.