Njia Tatu za Intaneti: Maelezo kwa Watumishi na Wakazi wa Mchinga



Intaneti humfikia mtumiaji hasa kwa njia tatu. Ya kwanza ni simu ya mkononi. Haihitaji fundi, na hulipiwa kwa vifurushi, lakini kasi hupungua watumiaji wa mnara mmoja wanapozidi. Ya pili ni waya, ambao siku hizi aghalabu ni faiba. Huo ni imara, unafaa ofisi yenye kazi nyingi, ila hauna msaada pale ambapo haujafikishwa. Ya tatu ni kipokezi kinachofungwa juu ya paa. Hakihitaji mtaro, bali kiuone mnara pasipo kuzuiwa na kilima wala minazi.

Hata hivyo, mawasiliano na nchi za nje kwa njia zote hutegemea zaidi nyaya zilizolazwa baharini. Tarehe 12 Mei, 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Huduma ilizorota nchini, kwa mwenye simu na mwenye faiba pia.

Hivyo basi, kila ofisi, shule na zahanati ichague njia kulingana na mahali ilipo na kazi zake, na daftari la karatasi lisiachwe. Mgonjwa hangojei mtandao urudi.