Kutoka Kinuni hadi Mashineni: Usagaji katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Kilwa hutajwa zaidi kwa ajili ya mawe yake. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, ambayo UNESCO iliyaingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yamechimbwa, yameandikiwa vitabu na kukarabatiwa, nayo yanastahili heshima hiyo. Hata hivyo, mji haukai kwa misikiti na makasri peke yake. Hukaa kwa chakula, na chakula cha pwani hii, tangu enzi za masultani hadi leo, kimepita kinuni, jiweni au mashineni kabla ya kufika chunguni. Maoni haya yanashikilia kwamba usagaji wa nafaka na muhogo ni sehemu ya urithi uleule, na kwamba kuuacha bila kuandikwa ni kuwatoa katika historia watu walioufanya, ambao kwa karne nyingi karibu wote walikuwa wanawake.

Mtama ulikuwa miongoni mwa nafaka kuu za pwani tangu zamani, kabla Wareno hawajaleta mahindi yenye asili ya Amerika. Kuugeuza kuwa unga kulihitaji hatua ambazo mnunuzi wa unga wa pakiti hana haja ya kuzifikiria. Kwanza ulikobolewa, yaani ulitwangwa kwa mchi ili ganda liachane na punje. Kisha ulipepetwa kwa ungo mpaka pumba zikaruka. Baadaye punje zililoanishwa na kutwangwa tena, au zikasagwa juu ya jiwe pana lililolazwa chini, kwa kusuguliwa na jiwe dogo la mkononi. Na mwisho unga ulichekechwa, chenga zikarudishwa kinuni. Mlo mmoja wa familia ulidai saa kadhaa za nguvu ya mabega na mgongo, na kazi hiyo haikuwa na siku ya mapumziko. Katika nyumba za matajiri wa karne ya 19 mzigo huo uliwekwa juu ya wajakazi, yaani wanawake waliokuwa watumwa, na kwa hiyo unga wa mji wenye fahari una historia ya utumwa ndani yake, kama ilivyo kwa pembe za ndovu.

Kilwa Kivinje, mji wa bara ulioinuka wakati Kisiwani kikififia, ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa, na majahazi ya pwani hii, pamoja na yale ya Lindi, yalipeleka Unguja si watumwa na pembe tu bali pia nafaka ya mashamba ya nyuma ya pwani. Uhusiano huo wa shamba, ghala na kinu ndio uliovunjwa vibaya zaidi na Vita vya Majimaji. Vita hivyo vilianza mwezi Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kuilima, na majeshi ya Wajerumani yalijibu kwa kuteketeza vijiji, mashamba na maghala. Wapo wanahistoria wanaokadiria kuwa waliokufa walifikia kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa. Mtu anayeuliza kwa nini historia ya unga ni jambo zito na apime hesabu hiyo: bunduki ziliua, lakini ghala tupu liliua zaidi.

Njaa zilizofuata, pamoja na nzige na ukame, zilisaidia kuupa muhogo nafasi kubwa uliyo nayo leo kusini, kwa kuwa hustahimili ukame na huweza kubaki ardhini mpaka uhitajike, na serikali ya kikoloni ya Waingereza iliuhimiza kama akiba ya njaa. Muhogo nao una elimu yake. Aina chungu zina kemikali zinazotoa sianidi, sumu inayoweza kuua, na njia ya wenyeji ya kuumenya, kuuloweka au kuuvundika kwa siku kadhaa, kisha kuuanika mpaka uwe makopa, ndiyo inayopunguza sumu hiyo. Watafiti waliochunguza watu waliodhurika kusini mwa Tanzania walikuta kwamba madhara yalihusiana na kufupishwa kwa hatua hizo nyakati za njaa. Mashine haiondoi hatari hiyo, kwani husaga kopa lililolowekwa na lisilolowekwa kwa wepesi uleule. Usalama wa unga bado umo mikononi mwa aliyeandaa muhogo.

Mashine iliyoenea katika miji midogo na vijiji ni kinu cha nyundo, ambacho ni chumba cha chuma chenye vipande vya chuma vilivyofungwa kwenye mhimili unaozunguka kwa kasi, vikiipiga nafaka mpaka iwe laini kiasi cha kupita katika matundu ya chekecheo. Kwa miaka mingi kilizungushwa kwa mkanda kutoka injini ya dizeli, mara nyingi ile ya Lister iliyobuniwa Dursley, Uingereza, ambayo mlio wake mzito ulisikika mbali na kuwajulisha watu kwamba mashine imewashwa.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 serikali ilitaifisha makampuni makubwa ya kusaga nafaka, na mwaka 1968 likaundwa Shirika la Usagishaji la Taifa, lililojulikana kwa kifupi cha Kiingereza, NMC. Katika vijiji vipya vya ujamaa, ambavyo watu wa mikoa ya kusini walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuhamishiwa kutokana na vita vya ukombozi vya Msumbiji, mashine ya kusaga ilihesabiwa pamoja na shule, zahanati na kisima kuwa huduma ya msingi. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi, ila mashine bila mafuta ni chuma kitupu. Bei ya mafuta ilipopanda na fedha za kigeni zilipoadimika baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, dizeli na vipuri vilikosekana nchini, na mashine iliposimama mzigo uliwarudia wanawake palepale ulipokuwa.

Wapo wanaosikitika kwamba mashine imeua nyimbo za kutwangia na ladha ya unga wa kinu. Masikitiko hayo yanaeleweka, lakini hayawezi kuwekwa mbele ya saa ambazo mashine imemrudishia mwanamke na binti anayepaswa kuwa darasani. Hoja yenye uzito zaidi ni kwamba kazi iliyofanywa kwa mikono sasa hulipiwa fedha taslimu, na asiye na fedha bado hutwanga.

Nishati inayozungusha mashine nayo inabadilika. Gesi asilia iligunduliwa Songo Songo, kisiwa cha wilaya ya Kilwa, mwaka 1974, na kuanzia 2004 ilipelekwa kwa bomba hadi Dar es Salaam kuzalisha umeme katika mitambo ya Ubungo. Wilaya yenye gesi ilisubiri zaidi. Mtambo wa Somanga Fungu ulikuja baadaye kuhudumia Kilwa na Lindi. Penye umeme wa uhakika, mota inaiondoa injini ya dizeli kimyakimya, na injini kuukuu isiyo na kazi ina soko tayari kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Ikishayeyushwa, hubaki kumbukumbu za fundi aliyebadilisha nyundo zake na za kina mama waliopanga foleni na madebe yao, na kumbukumbu hizo, tofauti na mawe ya Kisiwani, hazingoji mtafiti wa karne ijayo. Zinapaswa kurekodiwa Kilwa Kivinje, Kilwa Masoko na Lindi wakati wenye nazo wangali hai.