Kupigana Bila Kuumizana

Jioni hii nataka kuzungumza nanyi habari ya mapigano yanayochezwa jukwaani na katika sinema. Nasema hasa na vijana wa Msimbu na wanafunzi wote wa Kisarawe, ambao pengine watapenda kucheza Kinjeketile, mchezo alioutunga Ebrahim Hussein ukachapwa mwaka 1969. Wahusu Vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka 1905, ambavyo Wazaramo nao waliviingia. Basi yafanyweje hata mikuki ionekane kuua, na wachezaji wote warudi kwao wazima?

Yuko atakayesema, "Ni mchezo tu, wape fimbo wapigane watakavyo." Lakini mzaha mzaha hutumbuka usaha. Mwaka 1947, katika mji wa Oldham, Uingereza, Harold Norman alikuwa akicheza Macbeth, mchezo wa Shakespeare. Katika pigano la jukwaani alichomwa kweli, na baada ya majuma machache akafa.

Kule Makunduchi, Unguja, katika sikukuu ya Mwaka Kogwa, wanaume hupigana kwa migomba ili kuondoa vinyongo vya mwaka uliopita. Wamechagua silaha laini, na katika hilo tuwaige. Lakini mchezaji wa jukwaani asilete kinyongo chake. Akiwa na hasira siku hiyo, pigano na liachwe.

Sasa sikilizeni kanuni zake. Kwanza, pigano hupangwa kama ngoma. Kila hatua ina hesabu yake: moja, huyu ainua rungu, mbili, yule arudi nyuma, tatu, rungu lapita mahali alipokuwa amesimama. Hujifunza polepole, kama mtoto ajifunzavyo herufi, na mwendo huongezwa kidogo kidogo. Hata siku ya mchezo wasiende mbio kupita macho ya watazamaji, maana pigo lisiloonekana halina faida.

Pili, anayepigwa ndiye mwenye amri. Mpigaji humtazama machoni, na hainui mkono mpaka ameona kwamba mwenzake yu tayari. Tuseme mtu avutwa nywele. Mvutaji hufumba ngumi, akaiweka juu ya kichwa bila kushika unywele hata mmoja. Mvutwaji huushika mkono ule kwa mikono yake miwili, akaukaza kichwani, kisha akajikokota mwenyewe huku akilia. Watazamaji humwonea huruma, naye haumii hata kidogo.

Tatu, yapasa kuwe na nafasi baina yao. Kofi hupita mbele ya uso pasipo kuugusa. Mlio wake hufanywa na mmoja wao kwa kupiga viganja vyake, au kifua chake, upande ambao watazamaji hawauoni. Sikio likisikia mlio, jicho nalo husadiki kwamba limeona pigo.

Katika sinema kazi ni nyepesi kidogo, kwa kuwa kamera ni jicho moja. Ikiwekwa nyuma ya bega la mpigaji, ile nafasi haionekani kabisa. Tena picha huweza kukatwa na kuungwa. Lakini hatari ingalipo. Mwaka 2021, huko New Mexico, Marekani, Halyna Hutchins, mpiga picha wa filamu, aliuawa kwa bastola waliyodhani kuwa ni salama, walipokuwa wakijizoeza. Kwa hiyo kila silaha, hata ikiwa ni ya mti, ikaguliwe kila siku na mtu mmoja aliyepewa kazi hiyo, na isichezewe na mtu mwingine.

Mwisho, kila siku kabla ya watazamaji kuingia, wachezaji na warudie pigano lao lote polepole, hata kama wamekwisha kulicheza mara mia. Atakayeona jambo hili kuwa ni uchovu wa bure na akumbuke kwamba yule mwenzake amemkabidhi macho yake na meno yake.