HARUFU YA KUUNGUA KATIKA MOTOKAA
Maongezi kwa wenye magari na madereva



Dalili ya mvua ni mawingu, na dalili ya gari kuharibika mara nyingi ni harufu. Kabla injini haijanyamaza, na kabla moshi haujaonekana, pua ya dereva huwa imekwisha kupata habari. Lakini wako madereva ambao husikia harufu ya kuungua, wakafungua dirisha ili ipite, kisha wakaendelea na safari. Mtu wa namna hiyo ni kama mwenye nyumba aliyesikia mbwa wake akibweka usiku, akampiga mbwa ili apate kulala.

Na uchukuliwe mfano wa mtu atokaye Nairobi pamoja na mkewe na watoto, akiteremka Bonde la Ufa kwa barabara ya Mai Mahiu, ile iliyojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitalia katika miaka ya 1940. Gari limejaa mizigo. Katikati ya mteremko harufu kali yaingia ndani. Afanye nini?

Kwanza asimame mahali salama, mbali na kona na mbali na majani makavu, maana bomba la moshi lenye moto laweza kuwasha majani yaliyo chini ya gari. Azime injini, awatoe watu wote, wakae mbali na njia ya magari. Kisha aitumie pua yake vizuri, kwa sababu kila kitu kiunguacho kina harufu yake.

Harufu kama ya zulia lililoungua, itokayo magurudumuni, ni ya breki. Asiliguse gurudumu, bali asogeze kiganja karibu nalo. Gurudumu moja likiwa na moto kupita mengine, breki yake imekwama, au breki ya mkono haikuachiliwa sawasawa. Yote yakiwa na moto, kosa ni la dereva mwenyewe, aliyekanyaga breki tangu juu ya mlima. Breki zilizopata moto mwingi huweza kukataa kushika hata zikikanyagwa kwa nguvu zote. Basi angoje zipoe, wala asizimwagie maji, kwani chuma chenye moto kikipata maji baridi chaweza kupasuka. Akiendelea, ateremke kwa gia ndogo: gia ya kupandia mlima ndiyo ya kuteremkia.

Harufu ya klachi hufanana na ya breki, lakini hutokea zaidi gari linapopanda. Injini hunguruma, na mwendo hauongezeki. Dereva apumzishaye mguu juu ya kanyagio la klachi huila klachi yake mwenyewe kidogo kidogo.

Harufu nzito ya mafuta, pamoja na moshi wa rangi ya buluu kutoka chini ya boneti, yaonyesha kwamba mafuta ya injini yadondokea bomba la moshi. Huenda gasketi ya kifuniko cha juu cha injini imechakaa, au mtu aliongeza mafuta asikifunge kizibo. Injini ikipoa, achomoe kijiti na kupima mafuta. Yakiwa chini ya alama ya mwisho, asiiwashe mpaka ayaongeze. Bei ya gasketi ni ndogo. Injini iliyokaukiwa mafuta yaweza kugharimu karibu bei ya gari zima.

Harufu ya mpira, pamoja na mlio wa kukwaruza, ni ya mkanda. Huenda umelegea, au gurudumu dogo unalolizungusha limekwama. Mkanda huo ukikatika, katika magari mengi betri haitapata umeme, na mengine hayatazungusha maji ya kupoza injini.

Harufu tamu, kama ya sukari ikaangwayo, ni ya dawa iliyotiwa katika maji ya rejeta, nayo yatoka mahali fulani. Hapa wengi huungua nyuso. Maji ya sufuriani huchemka Nairobi karibu nyuzi 95 za Selsiasi. Lakini ndani ya rejeta iliyofungwa, maji hubanwa, yakapita hata nyuzi 100 bila kuchemka. Kifuniko kikifunguliwa, huchemka mara moja na kumrukia aliyekifungua. Basi asifungue kabla rejeta haijapoa kabisa. Dawa hiyo ni sumu, ingawa ni tamu. Watoto na mbwa wasiikaribie.

Harufu kali ya plastiki ni ya waya za umeme. Azime kila kitu, na ikiwezekana bila hatari, afungue waya wa hasi wa betri. Fyuzi iliyokatika ni mlinzi aliyekufa kazini. Anayeweka mahali pake kipande cha waya, au fyuzi kubwa kuliko ile ya kwanza, amemwondoa mlinzi na kumwachia moto mlango wazi.

Na kama harufu ni ya petroli, asiwashe kiberiti wala injini. Amwite fundi.

Ikiwa moshi mwingi watoka chini ya boneti, asiifungue wazi, kwa maana hewa huupa moto nguvu. Moto wa mafuta hauzimwi kwa maji. Huzimwa kwa chombo cha unga wa kuzimia moto. Ukimshinda, aliache gari, arudi nyuma pamoja na watu wake. Gari hununuliwa tena.

Mambo haya hayahitaji elimu ya ufundi. Yahitaji dakika tano za kupima mafuta, maji na mkanda kabla ya safari, na moyo wa kusimama pua inaponena. Baba yule wa Mai Mahiu akichelewa saa moja, wenyeji wake watamngoja na chakula kitapashwa moto. Asiposimama, huenda wakangoja bure.