Kinywa cha Mbwa na Njia ya Watu

(Hotuba iliyosomwa na mmoja wa makarani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Halmashauri imeniagiza niseme juu ya shauri lililoletwa na wanachama wa Mji wa Kale, yaani kwamba Chama kipeleke ombi katika Serikali ya Kaunti ili kila mbwa apitaye katika njia ya watu avishwe kifunga kinywa. Najua wako waliocheka waliposikia shauri hili, wakasema ati Chama cha kusaidiana kina nini na mbwa. Nawaomba mnisikilize hadi mwisho, kisha mcheke au msicheke.

Nitaanza na jambo lililonipata mimi mwenyewe. Alfajiri moja mwana wa ndugu yangu, mtoto wa miaka minane, alitumwa na nyanyake kununua mahamri. Katika kichochoro alikutana na mtu anayemwongoza mbwa wake kwa kamba. Ninyi mnavijua vichochoro vyetu: watu wawili wakipishana, mmoja hana budi kugeuza bega. Mtoto alijibana ukutani ili apishe njia, na mbwa akamrukia akamwuma pajani. Kamba ilikuwa mkononi mwa mwenyewe, wala haikukatika. Bali urefu wa kamba ulikuwa mkubwa kuliko upana wa njia.

Watu walikusanyika. Mmoja akataka kutia pilipili juu ya jeraha, mwingine mafuta ya taa. Mzee mmoja muuza kahawa ndiye aliyepaza sauti akasema, “Mwacheni hayo! Mpelekeni mtoto mferejini, mumwoshe kwa sabuni.” Mwenye mbwa naye alishikilia neno moja tu, kwamba mbwa wake ni mpole na siku zote hamwumi mtu. Tulipomwomba hati ya chanjo hakuwa nayo. Kesho yake mbwa alikwisha kuvushwa bara, tusipate kumtazama kwa siku kumi kama waganga walivyotuagiza. Kwani mbwa aliyeuma akikaa siku kumi bila kuugua wala kufa, hujulikana kuwa siku ile ya kuuma hakuwa na kichaa katika mate yake. Basi ilitubidi kumpeleka mtoto sindano zote, moja baada ya moja. Hospitali ya kwanza tuliyofika haikuwa na dawa. Tukaipata penginepo kwa fedha zilizokula akiba ya nyumba. Mtoto ni mzima, namshukuru Mungu. Lakini mpaka leo, akisikia mbwa akibweka, huzunguka kwa njia nyingine.

Ndugu zangu, kichaa cha mbwa si jambo la kuchukuliwa kwa wepesi. Ugonjwa huu hukaa katika mate ya mnyama na huingia mwilini kwa jeraha la meno, kisha hufuata mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Aghalabu huchukua majuma au miezi kabla ya kuonekana. Na ukisha kuonekana, mgonjwa akaanza kuyaogopa maji, karibu hapana tena anayepona. Lakini kabla ya hapo kinga ipo. Mnamo tarehe 6 Julai 1885, huko Paris, Louis Pasteur alianza kumchanja mtoto wa miaka 9 aitwaye Joseph Meister aliyekuwa ameumwa na mbwa, na mtoto yule akaishi. Kwa hiyo imepita zaidi ya miaka mia moja tangu wanadamu wajue namna ya kuzuia kifo hiki, na hata hivyo hukadiriwa kwamba watu kama 59,000 hufa kwacho duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia. Hapa kwetu Kenya ugonjwa huu ulithibitishwa mara ya kwanza mwaka 1912, na vifo hukadiriwa kufika 2,000 kwa mwaka. Karibu wote hupatwa kwa kuumwa na mbwa, na katika kila watu kumi wanaoumwa na mnyama ashukiwaye kuwa na kichaa, wanne ni watoto wasiotimiza miaka 15.

Sasa nije kwenye kifunga kinywa chenyewe. Je, chafaa au hakifai? Wenzetu wa Uingereza walikijaribu. Mnamo mwaka 1897 waziri wao aliyeitwa Walter Long alisimamia amri kali kwamba mbwa wafungwe vinywa katika wilaya zenye ugonjwa, wasio na wenyewe wakamatwe, na wanaotoka ng'ambo wazuiliwe kwanza. Wenye mbwa walimlaumu sana. Lakini kufika mwaka 1902 ugonjwa ulikuwa umetoweka katika nchi ile. Uliporudi mwaka 1918, walishika amri tena, na mwaka 1922 ukakoma. Tena, tangu Sheria ya Mbwa wa Hatari ya mwaka 1991, mbwa wa aina fulani walio wakali hawaruhusiwi kutokea hadharani kwao bila kamba na kifunga kinywa.

Lakini tusidanganyike. Amri ile ilifaulu kwa sababu mbwa wengi wa kule walikuwa na wenyewe, na asiye na mwenyewe alikamatwa. Hapa Mombasa mbwa wengi wanaotutia hofu usiku hawana bwana wala nyumba. Ni wale walalao majaani na kuzunguka penye mabaki ya nyama. Nani atamvisha huyo kifunga kinywa? Tukipata amri ya kifunga kinywa peke yake, tutakuwa tumemfunga mbwa aliye na mwenyewe, na yule mwenye hatari zaidi tumemwacha.

Wako wanaosema, basi tutege nyama yenye sumu, tumalize maneno. Wazee wangu, kwa heshima yote nalipinga neno hilo. Sumu haichagui. Paka wa Mji wa Kale wataila, na mtoto mdogo aweza kuiokota. Na hata mbwa wa mtaa mmoja wakifa wote, chakula kingali jaani, wengine watakuja mahali pao, nao hawajachanjwa. Shirika la Afya Duniani limekwisha kueleza kwamba kuua mbwa kwa wingi hakuondoi ugonjwa. Kinachouondoa ni kuchanja mbwa, wasipungue 70 katika kila 100.

Mfano tunao karibu, kwa ndugu zetu wa Pemba. Huko mbwa walichanjwa kwa wingi, na mwaka 2014 ugonjwa ukakatika. Mwaka 2016 ukaingizwa tena kutoka nje. Wakarudia kuchanja, na kufika mwaka 2018 ukakoma mara ya pili. Ikiwa Pemba iliyozungukwa na bahari pande zote iliingiliwa, sembuse kisiwa chetu chenye Makupa, Nyali na kivuko cha Likoni? Kwa hiyo chanjo haifanywi mara moja ikasahauliwa. Ni kama kupaka chokaa nyumba, kila mwaka hurudiwa.

Je, basi kifunga kinywa tukiache? La. Nasema kifuate nyuma ya chanjo, wala kisitangulie. Chanjo humlinda mtoto na kifo, lakini haimlindi na meno. Mbwa aliyechanjwa aweza kumwuma mtu akamtoa nyama, na mwenye mbwa aweza kusema “ni mpole” siku mia; mtoto apitaye kichochoroni hajui upole ule, anaona kinywa tu. Na liko jambo la pili, ambalo mimi niliyelelewa katika shule ya misheni nimelifahamu kwa kukaa na majirani zangu. Wengi wa watu wa Mji wa Kale ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii. Mbwa akimgusa mtu kwa mate alipokuwa akienda msikitini, hana budi kuosha mara saba, na mara moja katika hizo kwa udongo. Kumfunga mbwa wako kinywa katika njia hiyo ni adabu ya ujirani hata kabla ya kuwa sheria. Wala dini ile haikuamuru mbwa ateswe: mbwa wa kuwinda na wa kulinda amekubaliwa, na wanavyuoni hufundisha habari za mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu.

Kwa sababu hiyo naomba tukumbuke pia haki ya mnyama. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Hupoza mwili kwa kuhema na kutoa ulimi. Ukimfunga kinywa kwa kamba ya kubana katika joto letu la kaskazi, aweza kufa njiani. Kifunga kinywa kinachofaa ni kile kipana cha mfano wa tenga, cha waya au cha ngozi, kinachomwezesha kuhema na kunywa maji, lakini si kuuma.

Haya si kuomba jambo geni. Katiba ya mwaka 2010 imezipa kaunti kazi ya kuangalia wanyama, pamoja na kutoa leseni za mbwa. Na mpango wa taifa uliotolewa mwaka 2014 umekusudia kukomesha vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030. Basi naomba mkutano ukubali ombi letu liwe na mambo haya:

Kwanza, mbwa wachanjwe kila mwaka katika mitaa yote ya kisiwa, bila malipo, na walio majaani wasiachwe nyuma.

Pili, kila mbwa mwenye mwenyewe awe na leseni na kibao shingoni, ili siku ya msiba mtu asipate kusema, “Huyu si wangu.”

Tatu, mbwa anayepitishwa vichochoroni, sokoni au kivukoni awe na kamba fupi na kifunga kinywa kipana. Mbwa wa ulinzi aliye ndani ya ua wake asiguswe na amri hii, kwa maana maskini mlinzi hana silaha nyingine. Na adhabu imwangukie mwenye mbwa, si mbwa.

Nne, taka za nyama na samaki ziondolewe kila siku, na dawa ya kuwachanja watu walioumwa isikosekane hospitalini.

Na sisi wenyewe tusingoje Kaunti kwa kila jambo. Naomba sehemu ndogo ya mfuko wetu iwekwe kwa ajili ya mtoto wa mwanachama atakayeumwa, ili baba yake asibishe hodi nyumba kumi kabla ya kupata sindano ya kwanza. Tena kila mmoja wetu akafundishe nyumbani kwake lile neno la muuza kahawa: jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha hospitali siku ile ile.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wenyewe ni huu, nami nimewaonyesha kwa kadiri ya uwezo wangu mdogo. Shauri sasa liko mikononi mwenu.