Walioziba Mlango



Katika Injili ya Marko, mlango wa 2, twasoma habari za mtu mwenye kupooza aliyechukuliwa na watu wanne. Twahubiri sana juu ya imani ya wale wanne na dari waliyoitoboa. Ni mara chache tunapouliza ni nani waliouziba mlango. Hawakuwa adui. Walikuwa watu waliokuja kulisikiliza Neno, yaani watu kama sisi.

Mgonjwa wa kwanza wa ukimwi katika Kenya alijulikana mwaka 1984, na mwaka 1999 Serikali ikatangaza kuwa ugonjwa huu ni janga la taifa. Leo, twamshukuru Mungu, vidonge vipo. Mwenye kuvimeza kila siku, hata virusi visionekane tena katika kipimo cha damu, hamwambukizi mwenziwe katika ndoa. Lakini si wote wanaoufikia mlango.

Mama mjamzito hupimwa kliniki. Mumewe hana kliniki ya namna hiyo, hungoja mpaka akonde. Watazameni wavuvi wa omena upande wa Homa Bay, penye maambukizi mengi kuliko sehemu nyingi za nchi yetu. Huvua usiku kwa taa. Zahanati inapofunguliwa asubuhi, wao ndio kwanza wanalala. Tena mvuvi akihamia ufuo mwingine kuwafuata samaki, kliniki aliyoizoea huiacha nyuma. Mtoto naye hana nauli, hungoja mtu mzima akumbuke kumpeleka. Na kijana wa shule ya bweni humeza kidonge chake chooni ili wenzake wasimwone. Akikosa siku mbili, tusimkemee upesi.

Umbali wa zahanati ni jambo la Serikali kwa sehemu kubwa. Aibu, hata hivyo, ni mali yetu wenyewe. Gideon Byamugisha, kasisi Mwanglikana wa Uganda, alisema hadharani mwaka 1992 kwamba anaishi na virusi, wakati ambapo matibabu kama ya leo hayakuwapo. Ni wangapi mmewasikia wakisema hivyo mimbarini tangu siku hizo? Si kwamba wachungaji hawaugui!

Tangu mwaka 2017 kumekuwa na kifaa cha kujipima mwenyewe nyumbani katika Kenya. Akionyeshwa kwamba huenda ana virusi, mtu hupaswa kwenda kituoni akapimwe tena kwa uhakika. Lakini huyo aliyejipima peke yake chumbani usiku, atabisha hodi kwa nani? Wazee wa kanisa, je, ni kwenu? Nanyi akina mama wa Mothers' Union, yuko mmoja kati yenu awezaye kumsindikiza hata kituoni, akanyamaza?

Tuombe. Ee Bwana, wakumbuke walio majini usiku huu, na mtoto anayemngoja nyanya yake ampeleke kliniki. Utusogeze, tusiuzibe mlango. Amina.